Kikombe cha Wakili

Tangu aanze kuitetea benki mahakamani, Wakili Msangule alikuwa amekaribishwa na wadaiwa kwa matusi, kwa mbwa, na siku moja kwa jiwe. Kahawa, katu. Ndiyo maana kikombe alichopewa na Bi Somoe, mdaiwa wa leo, sebuleni kwake kilimtia wasiwasi. Nje, dalali wa mahakama alishika kufuli jipya, akingoja neno la wakili aufunge mlango wa nyumba.

“Kunywa, baba. Sikutia sumu,” Bi Somoe alisema akicheka.

“Nani kataja sumu?”

“Macho yako.”

Bibi akakichukua kikombe, akaonja yeye kwanza, akamrudishia. Mashaka ya wakili yakazidi. Mtu anatolewa nyumbani kwake, anacheka nini?

“Unataka nini, mama?”

“Sitaki kitu. Ila kwetu mgeni hamfungii mwenyeji mlango kabla hajamaliza alichokaribishwa. Ukimaliza, nyumba ni ya benki. Sasa hivi bado uko kwangu.”

Msangule akachungulia kikombeni. Kilikuwa kidogo; baada ya bibi kuonja, yalibaki mafunda mawili tu.

“Mheshimiwa, tufunge?” dalali akaita.

Wakili akakisogeza kikombe mdomoni, akaanza kukipuliza polepole, na kahawa yenyewe ilikwisha kupoa zamani.