Titi la Kushoto

Kikapu cha nguo za Deodatha kilikuwa kimetupwa uani tangu alfajiri. Aliyekitupa, mama mkwe wake Xaveria, alisimama mlangoni akingoja kuona nani angethubutu kukirudisha ndani.

Deodatha alikiruka, akachukua jembe, akaenda kupalilia maharage.

Chanzo kilikuwa barua ya hospitali ya misheni. Xaveria aliikuta chini ya godoro la mwanawe, Gosbert, na kwa kuwa hakujua kusoma, aliipeleka kwa katekista. Katekista alisoma kwa sauti mstari mmoja tu: uvimbe katika titi la kushoto, upasuliwe mapema. Kisha akaitupia macho sehemu iliyobaki, akaikunja karatasi kwa haya na kusema kwamba hayo mengine ni ya mtu na mkewe. Xaveria hakuhitaji mengine.

Mwaka ule wa 1992 amani ilihama katika kibanja chao cha migomba, pale Nyakasimbi. Kila aliyepita njiani aliambiwa kwamba Gosbert alioa mgomba uliotobolewa na fukusi. Deodatha alikatazwa kumnyonyesha mtoto wao mchanga. Akaendelea kumnyonyesha, kulia na kushoto, mbele ya macho ya mkwewe. Naye Gosbert alizidi kukonda. Alikuwa halimi tena, hakati hata mkungu mmoja wa ndizi, amejikunyata ndani ya koti jua likiwa utosini. Xaveria alimtazama, akawa na hakika kwamba mwanamke yule anamwulia mwanawe kwa majonzi.

"Rudi kwa baba yako Bugomora," alimwambia Deodatha mbele ya majirani. "Tulitoa ng'ombe wazima, tukaletewa mgonjwa."

Deodatha alimtazama mumewe. Gosbert alitazama chini.

"Nitarudi, mama," Deodatha akajibu, "siku mwanao atakaponifukuza kwa kinywa chake."

Gosbert hakufungua kinywa.

Siku ya kwenda hospitali Xaveria alijifunga kitenge na kuandamana nao bila kualikwa. Njia nzima alimsimanga mkwewe, aliyekuwa na mtoto mgongoni na mzigo kichwani, kwamba ametia doa ukoo usiojua maradhi ya aibu. Deodatha aliendelea kutembea. Mara moja tu alisimama, akamngoja mumewe aliyekuwa akihema nyuma yao.

Walipofika, muuguzi alimwita Gosbert ndani. Xaveria hakushangaa, karatasi za upasuaji wa mke hutiwa sahihi na mume. Lakini alihofu kwamba mwanawe, kwa ulaini wake, angekubali lolote. Akausukuma mlango, akaingia, Deodatha akimfuata nyuma.

"Shikamoo, mama," alisema daktari.

Xaveria hakuitikia. Alitaka kujua ni nini kitakatwa.

Daktari, mtu mpole, alieleza taratibu. Uvimbe ulikuwa bado mdogo. Angeuondoa pamoja na nyama kidogo iliyouzunguka, kisha mgonjwa angepelekwa Dar es Salaam kuchomwa kwa mionzi, ili kama kuna mbegu ya saratani iliyosalia, ifie humo humo. Titi lingebaki. Hivyo ndivyo mgonjwa mwenyewe alivyoomba.

"Ameomba," Xaveria akacheka kwa dharau. "Daktari, sisi ni watu wa migomba. Shina likiingiwa na fukusi hatuchagui jani la kukata. Tunachimba mpaka kisiki, tunachoma. Wewe kata lote. Anayetaka libaki, anataka kumwonyesha nani?"

"Kukata lote kunawezekana pia," alisema daktari. "Kwa uvimbe kama huu, naona njia zote mbili zinafaa. Ila uamuzi si wangu, mama, wala si wako. Ni wa mwenye titi."

"Basi na aamue nikiwa hapa hapa. Aseme mbele yangu kwamba kwake urembo umeushinda uhai."

Daktari alivuta kiti karibu na dirisha penye mwanga, akamwomba mgonjwa aketi pale, avue nguo ya juu, apimwe mara ya mwisho kabla ya kuamua.

Deodatha aliegemea ukuta, mtoto mgongoni, wala hakujongea.

Gosbert aliinuka, akaketi penye mwanga, akaanza kufungua vifungo vya shati.