Kitufe cha Haidari

Bi Raya alikibonyeza tena kile kitufe ambacho mwanawe Haidari alimwekea juu ya kivinjari cha kompyuta kabla ya kusafiri. Zamani kilikuwa kikifungua ukurasa wa picha za Haidari. Sasa kilileta weupe mtupu.

“Unaona, mwanangu?” akamwambia fundi aliyeketi kando yake. “Kinaumwa hiki.”

Fundi Mbaraka aliondoa programu moja ya nyongeza kwenye kivinjari, akidhani ndiyo inayozuia ukurasa, akabonyeza. Weupe. Akaondoa nyingine, na nyingine, mpaka zikaisha. Weupe uleule. Mwishowe akainakili anwani iliyokuwa ndani ya kitufe kwenye simu yake, akajaribu huko.

Ukurasa ukafunguka papo hapo. Haidari alikuwa anacheka, amempakata mtoto mchanga. Kitufe kilikuwa kizima. Haidari ndiye aliyemzuia mama yake asimwone.

Fundi akailaza simu kifudifudi mezani.

“Vipi, umeliona tatizo?”

“Bado, mama.”

“Basi toa na hiyo nyingine, pengine ndiyo yenyewe.”

Hapakuwa na nyingine. Kidole cha Bi Raya kilikuwa tayari juu ya mausi, kinasubiri kuambiwa. Fundi akairudisha taratibu ile programu ya kwanza, ili apate cha kuondoa.