Feni ya Prosesa

Andati alifungua ubavu wa kompyuta ya mke wake, katika duka lake la kuchapisha, akasonya. Feni ilikuwa imegeuzwa tena.

Ijumaa aliifunga kwa mkono wake mwenyewe. Feni ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, inafaa isukume joto kuelekea nyuma, ambako feni ya pili hulitoa nje. Sasa ilitazama mbele. Feni mbili zilikuwa zikipigana, joto halina pa kutokea, na mashine ilizimika mwanafunzi akichapisha kazi yake.

"Sydney alikuja hapa?"

"Alipita kunisalimia tu," Risper akasema.

Kunisalimia. Andati alikaza skrubu mpaka bisibisi ikateleza.

Sydney alikuwa fundi wa kompyuta pale Shirere, kijana mrefu mwenye maneno matamu. Mashine ilipoanza kuchemka, ndiye aliyeitwa. Siku moja Andati, ambaye hakuwa amekanyaga duka hilo tangu Krismasi, alipita kuchukua funguo. Akamkuta Sydney ameketi na kikombe cha chai, Risper akicheka hadi machozi. Andati hakukumbuka ni lini mke wake alicheka hivyo mbele yake.

Tangu siku hiyo aliacha kucheza drafti na wenzake kila jioni. Alitazama video kwenye simu mpaka akajua kwamba upepo hutokea upande wa feni wenye kibandiko.

"Ikichemka tena," alimwambia Risper, "uniite mimi. Si mtu mwingine."

Ikachemka. Akaitengeneza. Ikachemka tena, na kila mara feni imegeuzwa.

Alimfuata Sydney kibandani kwake. "Wacha kuchezea mashine ya bibi yangu ndio uitwe!"

"Mzee, tangu uanze kuitengeneza mwenyewe mimi sijaigusa."

"Feni haijigeuzangi."

"Basi ulizia huko kwako."

Maneno hayo yalimchoma. Jumatano aliomba ruhusa kazini, akaja mapema, akajibanza nyuma ya duka, kwenye dirisha dogo lililokuwa wazi. Leo angemfumania.

Sydney hakuja. Wateja walipoisha, Risper alirudisha mlango, akapiga magoti kando ya kompyuta, akatoa bisibisi kwenye mkoba. Akafungua feni. Akaigeuza. Hakubahatisha hata skrubu moja. Mkono ulikuwa umeshazoea.

Kumbe si Sydney aliyekuwa akitafuta sababu ya kuitwa. Andati alitaka kuingia kwa kishindo, lakini akangoja amwone Sydney akija.

Ndani, Risper alimimina chai vikombe viwili. Akapaka midomo mafuta, akakirekebisha kitambaa kichwani, akajitazama kwenye kioo cha simu. Kisha akapiga, akitabasamu kabla hata hajajibiwa.

Mfukoni mwa Andati, simu ikaanza kutetemeka.