Kofia ya Chini Kabisa

"Hiyo unayoigonga kila mteja akija siitaki," Mwanaheri alimwambia fundi Chande mbele ya wateja wengine. "Nipe kofia ya chini kabisa kwenye rundo." Mumewe alikuwa akivunja mawe chini ya jabali linalomeguka, na kichwa chake hakikuwa cha kufanyiwa majaribio.

Fundi akaichomoa. Kofia zake ngumu alizitengeneza kwa nyuzi za katani na gundi, nyuzi za kila tabaka zikigeuzwa upande kidogo kutoka zile za tabaka la chini yake, kama alivyoona kwenye gamba la kaa wa mikokoni.

Mwanaheri akaishushia nyundo. Ufa ukatokea.

"Si nilijua! Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Tia mkono ndani, dada. Ufa ukiingia hukuta njia imepinda, ukapotelea hukohuko."

Akapapasa. Ndani hapakuwa na hata mkwaruzo. Bado hakuamini.

"Basi ivae wewe, fundi, niigonge tena."

Tabasamu la fundi likafifia. Akaivaa taratibu, akapiga magoti mbele yake, macho wazi.

Mwanaheri akainua nyundo. Safari hii aliiona nzito, nayo ikabaki hewani, wateja wote wakiutazama mkono wake.