Zamu ya Kulinda Pumzi

Huku juu mlimani hewa ni haba, hivyo halali mtu bila mwenzake kumlinda pumzi. Dawa mpya ya kulinda pumzi ilipoanza kujaribiwa mtaani, muuguzi alimwambia Ndekirwa, "Mama Aika, pumzika. Dawa inamlinda mumeo."

Hakupumzika. Usiku ule, Aika akiwa usingizini mgongoni, aliketi kando ya mumewe aliyelala. Mume alikuwa akipumua kwa utulivu mno. Akambana pua kidogo, kama walinzi wafanyavyo ili mtu ageuke. Pumzi ikakatika. Ng'ambo ya ukuta wa mbao, mikoromo ya majirani nayo ikakatika.

"Niwie radhi, baba Aika," akanong'ona, akamwachia.

Mtaa mzima ukavuta pumzi kwa pamoja. Na mgongoni, Aika, ambaye hajawahi kupewa dawa, akavuta nao.