Mpira wa Amondi

Mpira ulitua katikati ya omena, dagaa wadogo wa ziwani, zilizoanikwa ufuoni Usenge, zikaruka na kutapakaa mchangani. Mama yake Amondi hakuuliza. Alishika kisu cha samaki, akaupasua mpira ule kama anayepasua tumbo la kamongo.

Matambara yakamwagika, na karatasi za nailoni, na uzi wa nyavu uliofungwa fundo kwa fundo na vidole vya mtoto wa miaka tisa.

"Haya, cheza na hiyo sasa. Kwani wewe ni mvulana?"

Kutoka uwanjani wavulana wakapaza sauti. "Amondi! Leta mpira bwana, mwalimu amefika!"

Amondi hakusogea. "Mama, timu yetu haina mpira. Nilimwambia mwalimu niko na wangu. Ndiyo akasema, basi, hata msichana aingie."

Mama akapiga magoti. Akakusanya matambara, akazungusha uzi. Mikono iliyoshona nyavu tangu usichana wake ikashindwa kuanza fundo.

Amondi naye alikuwa amepiga magoti, akiokota omena moja moja na kuzipuliza mchanga.

"Wacha tu, Mama," alisema. "Jua linaenda. Hazitakauka."