Mwache Amalize

"Vuta pumzi," kisanduku cha kijani kiliandika pembeni mwa skrini. "Mwache amalize."

Meneja wa usafirishaji alikuwa ameshafungua mdomo. Upande wa pili wa simu, dereva wa lori alikuwa anaeleza habari za tairi lililopasuka mlimani, na tusi lilikuwa limefika kwenye ncha ya ulimi wa meneja. Akalimeza. Lilishuka kwa shida, kama kidonge bila maji.

"Muulize kama ameumia, kabla ya kuuliza mzigo."

"Umeumia, bwana?" akauliza meneja.

Dereva akadhani amekosea namba.

"Hapana, mkuu. Mimi mzima."

"Mkewe alijifungua Jumatatu. Mpongeze."

Meneja akampongeza. Dereva akapata kigugumizi, akashukuru mara tatu, na mzigo ukafika siku hiyohiyo.

Ofisini meneja huyo walimwita Radi, bila yeye kusikia, na hakuna mgeni aliyehitaji kuelezwa sababu. Barua za malalamiko juu ya ulimi wake zilipofika tatu, mwenye kampuni, mama asiye na maneno mengi, alimwambia kwamba ya nne itakuwa ya kumuaga. Akampa mwezi mmoja. Akamshauri pia atafute msaidizi wa akili bandia, mmoja wa wale wanaosikiliza simu za kazini na kumwelekeza mtu namna ya kusema na wenzake.

Radi aliitupa kazi hiyo kwa katibu wake, aliyekaa nje ya mlango na kumwunganishia kila simu.

"Mkuu, huyo msaidizi nimemjaribu," katibu alisema siku ya pili. "Tatizo lake ni kwamba—"

"Matatizo usiniletee mimi. Kesho asubuhi nikute anafanya kazi."

"Sawa, mkuu."

Kesho yake asubuhi alikuwa anafanya kazi, na alifanya kweli. Kisanduku kilijua kwamba mtunza ghala hapendi kuitwa kijana. Kilijua kwamba fundi hununa akiulizwa jambo moja mara mbili, na kwamba yule mteja wa saruji lazima kwanza asikilizwe habari za mgongo wake. "Mitambo ya siku hizi," Radi aliwaambia wageni, "inamsoma mtu kama gazeti."

Kasoro hazikukosekana. Saa ya chakula cha mchana kisanduku hakikujibu chochote, na Radi, ambaye hata kubadilisha karatasi ya printa hakujua, alieleza kitaalamu kwamba mashine inapoa. Jumatano moja kilizima tangu asubuhi. Kabla ya saa nne Radi alikuwa ameshamwita mteja wa saruji mzigo usio na mwenyewe. Akapiga kelele katibu aje akiwashe, akaambiwa amempeleka mama yake kliniki. Katibu aliporudi mbiombio, kisanduku kikawaka, na mteja akapigiwa simu kuombwa radhi kwa maneno matamu ya kumtoa nyoka pangoni.

Katibu mwenyewe utamu huo hakuuonja. Yeye aliitwa kwa ngumi ya ukutani.

"Hiyo kibodi yako," Radi alimwambia siku moja alipomaliza kuzungumza kwa upole na fundi. "Mimi naongea na watu, wewe huko nje unatwanga tu. Huna adabu?"

Ilimuuma katibu. Alitaka kusema kitu, akakumbuka hajawahi kufika mwisho wa sentensi mbele ya mtu huyu, akarudi kwenye kiti chake.

Mwezi ulipokwisha, barua ya nne haikuja. Ilikuja ya shukrani, kutoka kwa mteja wa saruji, naye mwenye kampuni akaja mwenyewe kumpa Radi mkono.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

"Mama," Radi akasema, kifua mbele, "kwa msaidizi niliye naye sasa, kile kiti cha nje kina kazi gani tena? Simu zije kwangu moja kwa moja. Tukifute."

Mwenye kampuni akaelekea mlangoni.

"Basi utamwambia wewe mwenyewe. Na umwambie kwa heshima. Akiniandikia barua ya kulalamika, hiyo ndiyo nitakayoihesabu ya nne."

Radi alirudi mezani, akafunga mlango, akaandika kwenye kisanduku: "Nataka kumwachisha kazi katibu wangu leo. Nianzeje, asije akalalamika?"

Kisanduku kikakaa kitupu. Huko nje nako kulikuwa kimya, hata kibodi haikusikika. Radi akatazama saa. Ilikuwa saa tatu asubuhi, muda wa kupoa bado. Akaigonga skrini kwa kidole.

Hatimaye maneno yakaanza kuja, polepole.

"Mwite kwa jina lake."

Radi akafikiri. Akafikiri tena. Alichokumbuka ni namba yake ya simu ya ndani, saba.

"Mshukuru kwa miaka kumi na tisa."

Hilo angeliweza. Akalinakili kwenye karatasi, asije akalisahau.

"Usimwambie akiwa amesimama. Mpe kiti. Akianza kusema, mwache amalize."

Radi akatikisa kichwa kwa furaha. Kazi yake ilikuwa imepona, na kwa mara ya kwanza akaona si vibaya kuwa na adabu hata kwa mashine.

"Asante sana," akaandika. "Kwa hiyo nimwite sasa?"

"Usijisumbue, mkuu. Nachukua mkoba wangu, naingia."